Je, Wajua? Adui wa Sungura wa Nairobi Si Yule wa Vitabuni

Je, wajua kwamba katika hadithi ya kale ya Wagiriki, ile ya mnyama aliyerukia zabibu, akazikosa, kisha akajiambia kuwa ni chungu, mhusika ni mbweha? Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili atabisha. Yeye anamjua sungura, na tunda analolikumbuka ni ndizi, kwa sababu ndivyo lilivyosema shairi lililosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Hadithi ilipovuka bahari, mbweha alibaki ng'ambo, na nafasi yake ikachukuliwa na mnyama ambaye huko hadithi ilikotoka angekuwa chakula chake.

Nalikumbuka jambo hili kila ninapoulizwa na jirani wa Kilimani au Lavington jinsi ya kuwalinda sungura wa watoto wake wanaoshinda bustanini. Wengi wamekwisha kusoma maelekezo yaliyoandikwa Uingereza, na maelekezo hayo yana adui mmoja: mbweha mwekundu, yule anayezurura usiku katika bustani za London, anayepanda ua na kuchimba chini ya wavu. Huyo hapa kwetu hayupo. Barani Afrika anaishi kaskazini tu, tangu Moroko hadi Misri, na kufuata mto Nile kuelekea Sudan. Anayejenga kibanda Kileleshwa kwa kumwogopa huyo hulala usingizi, na wanaokuja kweli hawamjui mbweha wala hawapiti alikotarajiwa kupita.

Mbweha wetu ni wangapi?

Neno mbweha, ambalo wengine hulitamka bweha, limebeba wanyama kadhaa kwa pamoja. Kenya ina bweha wa mgongo mweusi, ina bweha mwenye mstari ubavuni, na ina yule wa rangi ya dhahabu ambaye mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa si mmoja na bweha wa dhahabu wa Asia na Ulaya kama ilivyodhaniwa, na kwamba yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu. Kisha kuna bweha masikio, mdogo, mwenye masikio makubwa kama majani ya mgomba uliopandwa jana. Huyu ana meno 46 hadi 50, ilhali binadamu mzima ana 32, na karibu maisha yake yote huyatumia kutafuna mchwa. Huinamisha kichwa akawasikiliza wakitembea, ndipo akachimba. Vitoto vinapokuwa pangoni, baba ndiye mlinzi huku mama akitafuta chakula. Mwenye sungura hana ugomvi naye hata kidogo.

Je, wajua kwamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walowezi wa Kiingereza waliokaa karibu na Nairobi walijiletea mbwa wa kuwindia mbweha? Kundi mojawapo liliitwa Masara, na mwenyewe alikuwa Jim Elkington. Mbwa walifika, farasi walikuwepo, ila mbweha wa kumfukuza alikosekana. Basi wakamkimbiza bweha. Hata hapo mwanzo wa mji huu, watu walikuja na adui wa kwao kichwani.

Bweha wa mgongo mweusi ndiye pekee katika ukoo huo wa kuchungwa. Yumo katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 117, yenye ua pande tatu na upande wa kusini ukiwa wazi kuelekea Kitengela. Anakula panya, ndege, mizoga, vitoto vya swala na sungura pori. Kwa anayeishi kando ya hifadhi, upande wa Lang'ata au Rongai, huyo asipuuzwe. Na hapa ushauri wa Waingereza unatufaa: mnyama anayechimba huanzia palepale ukuta unapogusa ardhi, hana wazo la kurudi nyuma hatua mbili. Ukilaza wavu wa chuma juu ya ardhi kuelekea nje, upana wa sentimita 45 hivi kuzunguka kibanda chote, ukaufunika kwa udongo na kuukandamiza kwa mawe, makucha yake yatakutana na chuma kila anapojaribu. Baada ya miezi miwili nyasi zitaota juu yake na hutakumbuka kuwa upo.

Sungura wa ngano si sungura wa kibandani

Yule mjanja wa hadithi za bibi, anayemlaghai fisi na kumtumbukiza simba kisimani, ni sungura pori. Kiswahili kimewaita wote wawili kwa jina moja, lakini hawazaliani. Sungura pori ana kromosomu 48, huyu wa kufugwa ana 44. Tofauti inayomgusa mfugaji zaidi iko kwenye uzazi. Mtoto wa sungura pori huzaliwa juu ya ardhi, ana manyoya, macho yamefumbuka, na muda si mrefu anaweza kukimbia. Mtoto wa sungura wa kufugwa huzaliwa uchi na kipofu, na macho yake hufumbuka akiwa na siku 10 hivi. Asili yake ni Hispania na Ureno, na kwao anaishi mashimoni.

Kwa hiyo sungura wako, hata akiwa amezaliwa Ngong kwenye kituo cha serikali cha kuendeleza ufugaji wa sungura, na hata wazazi wake wakiwa wameishi Kenya vizazi ishirini, moyoni ni mkaaji wa shimo. Akishtuka hatafuti umbali kama sungura pori. Anatafuta giza na ukuta unaomgusa mbavuni. Kumweka katikati ya nyasi zilizokatwa vizuri, ndani ya wavu, bila kitu cha kuingia, ni kumnyang'anya ulinzi alioumbwa nao. Kipande cha bomba pana la plastiki kinatosha. Kreti ya mbao iliyopinduliwa inatosha pia, mradi iwe na milango miwili, kwa sababu shimo lenye mlango mmoja sungura hulihesabu kuwa mtego, na ana haki.

Je, wajua kwamba sungura huona karibu duara zima kumzunguka bila kugeuza kichwa? Macho yake yako pembeni na juu, yametengenezwa kwa ajili ya kumwona anayemjia kutoka nyuma na kutoka angani. Gharama yake ni kwamba kuna sehemu ndogo asiyoiona kabisa, nayo iko mbele ya pua yake mwenyewe. Ndiyo maana mtoto anayemsogezea mkono usoni kwa upendo humfanya aruke. Akiona hatari hupiga ardhi kwa mguu wa nyuma, kishindo ambacho usiku wa kimya kinasikika hadi ndani ya nyumba. Ukikisikia saa nane za usiku, toka na tochi. Hapigi bure.

Sungura anaweza kufa bila kuguswa

Hili napenda lijulikane kuliko yote mengine. Mifupa ya sungura ni myepesi mno ikilinganishwa na nguvu za misuli ya miguu yake ya nyuma, na akirusha teke kwa hofu ndani ya kizimba chembamba anaweza kuuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Moyo unaweza kusimama. Na hata akiupita usiku akiwa hai, hofu inaweza kuyasimamisha matumbo yake. Sungura hana uwezo wa kutapika, na tumbo lake limeumbwa liwe na chakula kinachosonga mchana na usiku. Likisimama, gesi hujaa, maumivu humfanya akatae kula, na kukataa kula kunalifanya lizidi kusimama. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Mbwa aliyezunguka kibanda usiku kucha akibweka, asiweze kuingia, bado anaweza kuua. Basi kibanda kijengwe dhidi ya macho pia. Kiwe na chumba cha ndani cha mbao tupu, kisicho na wavu upande wowote, mahali ambapo sungura akijikunja haoni pua ya mtu. Na kisimame dhidi ya ukuta wa nyumba, ili asizungukwe pande zote nne.

Waya wa kuku ulibuniwa kwa ajili ya kuku

Wavu ule wenye matundu ya pembe sita, ambao kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Kawangware hadi Kangemi linauza kwa mita, ulibuniwa mwaka 1844 na Charles Barnard wa mji wa Norwich, Uingereza. Kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia mnyama mwenye meno asiingie haikuwa sehemu ya shauri. Mbwa wa kawaida huupasua kwa kinywa, na baada ya mvua za misimu miwili kutu huupasua bila mbwa.

Mafundi wa mbao wa Ngong Road wakikutengenezea kibanda, waambie mapema: ukutani weldimeshi yenye matundu madogo, na sakafuni waya wa kahawa. Waya wa kahawa ni ule wa vitanda vya kuanikia buni katika mashamba ya Kiambu. Wafugaji wa sungura waliuchukua kwa sababu matundu yake yanapitisha kinyesi na mkojo lakini hayapitishi mguu wa sungura, na pia hayapitishi panya mkubwa. Ila usiache sakafu yote iwe waya. Nyayo za sungura hazina vikanyagio vigumu kama za paka, zina manyoya tu, na akikaa juu ya chuma siku zote hutoka vidonda. Mwekee ubao wa kulalia na nyasi kavu.

Wavu upigwe kwa nje ya fremu, si kwa ndani. Ukipigwa ndani, anayesukuma ukutani anasukuma wavu tu. Na ule msumari uliopindwa unaoitwa komeo katika vibanda vya bei rahisi, kima wa Arboretum na Lavington huutoa kwa vidole viwili. Tumia kufuli.

Wanaokuja usiku

Kanu ndiye ninayemheshimu zaidi. Ana madoa, mkia mrefu wenye pete, mwili wa paka aliyekonda, na watu wengi humwona mara moja kwenye taa za gari wakasema ni paka pori. Anatembea juu ya ua, juu ya mapaa, juu ya matawi ya mkaratusi, na kichwa chake kikipita mwili wote unafuata. Tundu linalopitisha ngumi ya mtoto mdogo linampitisha kanu. Yeye hachimbi wala havunji. Anatafuta pengo kati ya bati na ukuta ambalo fundi alisema litaingiza hewa.

Nguchiro wako wa aina mbili wanaohusika na bustani za magharibi mwa jiji. Yule mwembamba mwenye ncha nyeusi ya mkia huwinda mchana, na mtoto wa sungura aliye nje kwa ajili ya jua ni saizi yake. Yule mkubwa mwenye mkia mweupe hutoka usiku, na chakula chake kikuu ni wadudu, basi ukimwona anafukua nyasi zako mwache afanye kazi.

Nyegere ni nadra, lakini akija anakuja kama fundi wa kubomoa. Anang'oa mbao. Kwa huyo dawa ni moja, sungura kulala ndani ya nyumba, au katika stoo ya mawe.

Na paka? Kimburu, paka wa mwituni wa Afrika, ni ndugu wa damu wa paka aliyelala kwenye kochi lako. Mwaka 2007 watafiti wa vinasaba walionyesha kuwa paka wote wa nyumbani duniani wametokana na tawi la kimburu lililoishi Mashariki ya Kati. Sungura mkubwa wa aina ya Flemish Giant anaweza kumtisha paka. Watoto wake hawawezi.

Mbwa ninamtaja mwisho hapa ingawa ningemweka wa kwanza kwa hesabu ya roho. Katika mitaa yenye nyua ndefu, Karen, Loresho, Lavington, mbwa hufunguliwa usiku na askari wa lango, na mbwa huyo huyo aliyelala mchana karibu na kibanda bila kugeuza shingo huwa mnyama mwingine sungura akianza kukimbia. Mbio ndizo zinazomwamsha. Huua wote na hali hata mmoja. Ni kifo cha kuumiza sana kwa mtoto, kwa sababu anawapenda wote wawili. Msimwache mbwa na sungura peke yao, hata kama wamekua pamoja.

Siafu

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi upande wa Uthiru. Kaka yangu alijenga kibanda cha mbao kwa ajili ya sungura wetu wanne, akakiinua juu ya miguu, akapiga wavu mara mbili, akanunua kufuli ya shaba kwa pesa zake za kwanza. Alikuwa amepoteza sungura kwa mbwa mwaka uliotangulia na aliapa hilo halitarudi. Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha siku tatu. Asubuhi kufuli ilikuwa mahali pake. Wavu ulikuwa mzima. Mama alitazama ndani kabla yetu, akasema neno moja la Kikuyu, thambo, akatuvuta nyuma. Kaka hakujenga kibanda kingine.

Je, wajua kwamba siafu mfanyakazi hana macho? Mamilioni yao hutembea kwa harufu na kwa kugusana, mstari unaoweza kukatiza bustani nzima, na malkia wao ndiye chungu mkubwa kuliko wote wanaojulikana duniani. Hutoka hasa nyakati za mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, na nyanda za juu kuanzia Nairobi kuelekea Kiambu na Mlima Kenya ni kwao kabisa. Mnyama aliye huru huwakwepa bila shida, kwa kuwa siafu haendi mbio. Kuku huruka, panya hukimbia, mjusi hupanda. Anayebaki ni aliyefungiwa. Kibanda kilicho imara kuliko vyote ndicho kinachomshika mateka.

Vijijini watu wengi hawapigani nao. Huondoka nyumbani saa chache, siafu wanaingia, wanabeba mende, viroboto, vitoto vya panya na nyoka mdogo aliyejificha darini, kisha wanapita, na nyumba inabaki safi. Mwenye sungura anahitaji mambo mawili tu. La kwanza ni miguu ya kibanda isimame ndani ya mikebe yenye oili chafu kutoka gereji. Mvua ikijaa ndani ya mkebe maji hukaa chini na oili hupanda juu ikamwagika, kwa hiyo kila mguu uvishwe kipande cha bati kama mwavuli juu ya mkebe, na mikebe itazamwe kila baada ya mvua kubwa. Pasiwe na jani refu, kamba, tawi wala ufagio ulioegemea kibanda, kwa maana siafu mmoja akipata daraja wote wamelipata. Jivu la kuni hufanya kazi pia, lakini likiwa kavu tu. La pili ni ufunguo ukae mahali ambapo kila mtu mkubwa nyumbani anapajua. Siafu wakija, usianze kumwaga mafuta ya taa, mvuke wake utamuua sungura kabla ya chungu. Fungua, mtoe, mpanguse kwa kitambaa, mweke bafuni.

Wanaokuja kutoka juu

Mwewe wa Nairobi hamwogopi mtu. Anayekula chipsi akitembea Uhuru Park anajua. Kwa sungura mzima wa kilo tatu mwewe ni tishio dogo, kwa kitoto cha wiki tano ni kifo. Lakini katika mikaratusi ya vitongoji vya magharibi anakaa kipanga mkubwa, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, na jike lake linakaribia kilo moja. Huyo hupita chini, kati ya miti, bila sauti, na hutamwona hadi ameondoka. Kunguru nao wana subira ya kukaa juu ya ua saa nzima wakitazama kitoto dhaifu.

Sungura mweupe, hasa yule wa New Zealand ambaye wengi wetu tunamfuga, ameongezewa mzigo. Sungura wa asili ni wa rangi ya udongo. Mweupe juu ya nyasi za kijani anaonekana kutoka mbali kama leso iliyoanguka. Dawa ya wote wa angani ni rahisi kuliko zote: kifuniko. Hata neti ya kivuli inayofunika vitalu vya miche inatosha mchana, kwa kuwa ndege hatashuka mahali ambapo hana uhakika wa kupaa. Usiku neti haitoshi.

Walio katikati ya jiji, wanaofuga sungura kwenye roshani ya ghorofa au juu ya paa, hawana siafu wala kanu wa kuwasumbua sana. Wana mwewe, wana panya, na wana adui ambaye vitabu vya mbweha havimtaji, nalo ni joto la saruji. Sungura hatoi jasho. Hujipoza kwa masikio, ambayo mishipa yake ya damu hupanuka, na joto likipita nyuzi 30 masikio hayatoshi. Saa saba mchana mwezi wa Februari juu ya paa la zege, akiwa kwenye kizimba cha waya kisicho na kivuli, haitahitajika mnyama mwingine yeyote. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikafungwa kwa kitambaa na kulazwa kando yake, imeokoa wengi.

Na bundi, kwa kuwa nimeulizwa: bundi mkubwa anaweza kumchukua sungura mdogo aliyeachwa wazi usiku. Lakini wengi wanaopigwa mawe katika mitaa yetu hupigwa kwa sababu ya imani ya uchuro, na kila mmoja aliyeuawa ni mamia ya panya walioachwa wazae. Panya hao ndio wanaoingia kibandani kula vitoto.

Kusoma alama za asubuhi

Aliyepoteza sungura hutaka kujua nani. Wengi walioumwa shingoni, wakatapakaa, hawakuliwa, na mbao zimevunjwa: mbwa. Mmoja ameliwa kichwa na kifua, tundu ni dogo, wengine wamejibana pembeni: kanu au nguchiro. Manyoya yametawanyika kwenye nyasi mchana kweupe: ndege. Vitoto vimetafunwa miguu au vimepungua idadi kila usiku: panya. Ngozi na mifupa ndani ya kibanda kilichofungwa: siafu. Na kama hakuna damu, hakuna unyoya, hakuna kilichovunjika ila sungura hayupo, tazama vizuri chini ya nyasi kavu na chini ya ubao kabla hujapeleka mkono, hasa ukiwa karibu na mto au msitu wa Ngong Road au Oloolua. Chatu aliyeshiba hawezi tena kupita tundu aliloingilia.

Ukishajua ni nani, usitege wala usitie sumu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda hata kanu, na anayesumbuliwa na mnyama wa porini anapaswa kuwaita KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ambao makao yao makuu yako Lang'ata Road. Sumu pia haichagui. Nyama iliyotiwa dawa kwa ajili ya bweha huliwa na mbwa wa jirani, kisha na tai, na Kenya imekwisha kupoteza tai wengi mno kwa njia hiyo. Na ukiumwa na mnyama yeyote katika purukushani hizi, nguchiro akiwemo, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali bila kungoja kesho, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Mama anayekaa mbali

Je, wajua kwamba sungura jike huwanyonyesha watoto wake mara moja tu kwa siku, pengine mara mbili, na kila mara kwa dakika chache? Wenye huruma humwona amekaa upande mwingine wa kibanda siku nzima, wakadhani amewatelekeza, wakaanza kuwashika na kuwapa maziwa ya ng'ombe. Hakuwatelekeza. Anabeba mimba siku 31 hivi, ananyonyoa manyoya ya kifua chake kuwatandikia, na huko mwituni, baada ya kuwanyonyesha, huziba mdomo wa shimo kwa udongo na kuondoka. Kukaa mbali ndiko kuwalinda, kwa kuwa harufu yake ndiyo inayomwonyesha mwindaji njia.

Sanduku la kuzalia, basi, liwekwe pembe ya ndani kabisa, kwenye ule upande wa mbao usio na wavu, mlango wake ukitazama ukuta. Mwekee manyasi makavu mengi siku tatu kabla. Mlango wa nje ufungwe jua likizama, na asubuhi, akiwa amekwisha kutoka na anakula majani, inua kidogo manyoya yaliyowafunika. Wakiwa na matumbo ya mviringo na ngozi isiyo na mikunjo, alikuja usiku.